Baridi Kabisa, Madam

Nina tabia mbaya ya kuangalia dari za watu. Nikikaribishwa nyumba yoyote, kabla sijamaliza kuitikia salamu macho yangu yamekwisha kupanda juu, yanatafuta ufa, doa la kutu, plasta iliyoanza kuvimba. Mama husema nimekosa adabu, kwamba nakaa kama mtu aliyekuja kukagua tandabui za mwenye nyumba. Huenda ni kweli. Lakini kazi yangu ndiyo hiyo, na ilianzia kwenye dari ya nyumba yetu.

Nafanya utafiti wa zege katika nyumba za watu wa kawaida huku Kisauni. Nataka kujua kwa nini slabu, zile dari za zege, zilizomwagwa juzijuzi tu zinapasuka na kuangusha vipande juu ya vitanda vya watu. Mara nyingi mchawi ni chumvi. Chumvi ikiingia ndani ya zege, vyuma hushika kutu. Vyuma vikishika kutu huvimba. Vikivimba husukuma zege mpaka libanduke. Chumvi hiyo yaweza kuwa imetoka kwenye mchanga, au kwenye hewa ya bahari, au kwenye maji yaliyokorogewa zege lenyewe. Hili la maji ndilo linalonikosesha raha, kwa sababu kwa ajili yake nilimharibia mtu jina, fundi aliyekuwa hana kosa, na nilimharibia mahali ambapo jina lake ndilo lililokuwa likimlisha.

Nimezaliwa Mishomoroni, na nyumbani kwetu maji yalikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na maji ya chumvi, yaliyotoka kisimani nyuma ya nyumba, ya kufulia na kuoshea vyombo na kumwaga chooni. Na kulikuwa na maji baridi, yaliyokuja kwa mfereji wa bomba siku yalipojisikia, au kwa mkokoteni wa muuza maji, na hayo yalikuwa ya kunywa na kupikia. Maji baridi hayakuwa na haja ya kuwa baridi. Mama aliweza kutuambia, "Maji baridi yamechemka, tieni majani," na hakuna aliyecheka, maana hapakuwa na cha kuchekesha. Baridi ni yale yasiyo na chumvi, basi. Nilijua hivyo kabla sijajua kuhesabu, na kwa kuwa nilijua mapema hivyo, sikuwahi kufikiri kwamba ni jambo ambalo mtu anaweza kutolijua.

Mama alifanya kazi miaka mingi katika ghala la chai kule Changamwe. Alirudi jioni na vumbi la majani kwenye nyusi, akakaa kibarazani akipiga chafya. Alipostaafu alitaka kitu kimoja tu: nyumba yetu ipate ghorofa juu, vyumba viwili vya wapangaji, na yeye akae chini asikie nyayo za watu. Baba alikuwa amefariki, na sisi watoto tulikuwa tumetawanyika. Alisema nyumba imekuwa kimya mno.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea uhandisi wa ujenzi, na nilikuwa nimerudi likizo nimejaa maneno. Fundi tuliyempata alikuwa mtu wa bara, mrefu, si msemaji, aliyekuwa akisali kanisani kwetu na kupanga chumba mtaa wa pili. Alikuwa na mkono mzuri. Ukuta wake ungeuwekea timazi mahali popote, uzi ungelala palepale. Kazi yake sikuwa na la kuikosoa, ingawa nilitafuta. Basi nikakosoa Kiswahili chake.

"Madam, hii maji inatosha," angesema.

"Haya maji yanatosha, fundi."

"Sawa. Haya maji."

Na dakika tano baadaye hii maji ingerudi, nami ningeisahihisha tena, yeye akitabasamu huku akikoroga. Siwezi kueleza vizuri furaha niliyokuwa nikipata. Sisi wa pwani tumelelewa tukiamini Kiswahili ni chetu na wengine wameazima, na mimi nilikuwa kijakazi mtiifu wa imani hiyo. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa kaka yangu mkubwa, na sikumbuki kama niliwahi kumwamkia ipasavyo.

Slabu ilipangiwa kumwagwa Jumamosi. Mimi nilitakiwa chuoni kwa mitihani, kwa hiyo niliondoka Ijumaa. Mbele ya nyumba kulikuwa na tangi kubwa la plastiki, jeusi, lililojazwa na lori la maji siku mbili kabla. Maji ya tangi lile yalikuwa mazuri, nilikuwa nimeyaonja mwenyewe. Ilikuwa kaskazi, jua linawaka toka saa moja asubuhi, na tangi lilikaa juani. Hilo la jua silo nililolifikiria. Nilifikiria chumvi. Begi likiwa begani, nilimwita fundi kando.

"Fundi, nakuomba jambo moja tu. Zege likorogwe kwa maji baridi. Usije ukatia maji mengine."

"Sawa, madam."

"Maji baridi tu, tafadhali. Slabu ikiharibika itakuwa juu yako."

"Nimeskia. Baridi tu."

"Nimekwambia mara ngapi?"

"Mara tatu," alisema, akacheka. "Usijali. Itakuwa baridi kabisa, madam."

Hilo neno kabisa lilinikwaruza kidogo sikioni. Maji ama yana chumvi ama hayana, sikuona hiyo kabisa inaingia wapi. Nikasema moyoni, watu wa bara na Kiswahili chao, nikaenda zangu. Ningetaja kisima, neno hilo moja tu, haya yote yasingekuwa. Lakini kwetu kumkanya fundi asikorogee zege maji ya kisima ni sawa na kumkanya mpishi asipikie chai maji ya bahari. Niliona ni kumdharau.

Nyumba ilikwisha. Wapangaji waliingia, mume na mke wenye mtoto anayejifunza kutembea, na mama akapata nyayo zake. Alikuwa akinipigia simu kunieleza: leo kaanguka mara mbili, leo kakimbia. Nilimaliza masomo, nikaajiriwa katika mradi wa utafiti, nikarudi Kisauni na nyundo, keekee ya kutoboa zege na vichupa vya kutilia unga wake.

Mwaka wa saba wa slabu ile, mama alikuwa amekaa chumbani kwake anachambua mchele, kipande cha plasta kikaanguka ndani ya ungo. Alinipigia simu akanieleza kama mtu anayeeleza kwamba mvua imeanza. Nilifika, nikaangalia juu. Ufa ulikuwa umenyooka kufuata vyuma, na pembeni mwake kulikuwa na rangi ya kutu. Nilipanda ngazi nikagonga kwa nyundo. Zege zima hulia kwa sauti nzito. Hili lilikuwa likilia kama debe tupu, kutoka dirishani hadi karibu na mlango.

Nilitoboa nikachukua unga kidogo, nikaukoroga kwa maji safi ndani ya kichupa, nikatia matone ya dawa tunayopimia chumvi. Kusipokuwa na chumvi, maji hubaki maangavu, unaona hadi upande wa pili. Yale yaligeuka meupe kama tui kabla sijatikisa. Nilirudia mahali pengine pa slabu, kisha pengine, na kila mara ilikuwa tui.

Tuliwaomba wapangaji wahame. Mtoto yule sasa alikuwa anakwenda shule, akateremka ngazi na mkoba wake mgongoni akimuuliza mama yangu kama amemkosea. Tuliweka miti ya kushikilia slabu, chumba kikawa kama boma la mbuzi, na mama akahamishia kitanda chumba cha mbele, chenye mabati tu juu. Hakulalamika. Nilikasirika kwa niaba yake, na hasira ilikuwa na mtu wa kumwendea.

"Ni fundi," nilimwambia. "Ametumia maji ya kisima. Nilimkataza mara tatu, na alinijibu kwa kinywa chake."

Nililisema hilo mbele ya kina mama wawili wa umoja wa kanisa waliokuja kumpa pole.  Mama alikuwa akizungusha pete yake ya ndoa kidoleni, huku na huku. Nilidhani ni uchungu wa nyumba.

Kufika Jumapili maneno yalikuwa yameota miguu. Sasa ilikuwa fundi ametumia maji ya kisima ili maji ya tangi ayauze kwa majirani. Hilo la kuuza silo nililolisema. Lakini mama mmoja alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ati aliyauza?" Nami nikamjibu, "Sasa yalikwenda wapi?"

Hayo ndiyo maneno yangu, sina wa kumsingizia. Kanisa lilikuwa linataka kujenga ukumbi, na kazi ilikuwa yake. Alikuwa ameshapiga vigingi na kuvuta kamba za msingi. Baada ya wiki mbili kazi alipewa mtu mwingine, kwa kamba zilezile. Mtaani nako mtu akitaja jina lake kulikuwa na mwenye kusema, yule wa maji? Alikuja nyumbani mara moja. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Madam, mimi nilifanya vile ulisema."

Nikamwambia asiongeze uongo juu ya wizi. Alinitazama kidogo, akavaa kofia, akaondoka. Baadaye nilisikia amehama Mishomoroni. Wakati huo niliona haki imetendeka, na nililala vizuri.

Utafiti uliendelea. Kulikuwa na karatasi ya maswali niliyoiandika mwenyewe, kwa Kiswahili nilichojivunia, na swali mojawapo liliuliza zege lilikorogwa kwa maji gani. Majibu yalikuwa mawili ya kuwekewa alama: maji baridi, maji ya chumvi. Nikawa nazunguka nyumba hadi nyumba, natafuta mafundi waliojenga, nauliza, naweka alama, natoboa, napima. Na kulikuwa na jambo lililonisumbua. Baadhi ya nyumba ambazo fundi aliapa zimejengwa kwa maji baridi, unga wake uligeuka tui. Nilisema ni mchanga. Nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa nyingi nikiulaumu mchanga.

Siku moja nilikuwa nyuma ya soko la Kongowea, kwenye kiwanja ambapo fundi mmoja wa bara alikuwa akijenga stoo ya viazi. Nilimuuliza maswali yangu huku malori yakirudi nyuma na wachukuzi wakipiga kelele za kupishwa. Nilipofika kwenye maji, alijibu bila kufikiri.

"Baridi. Ya kisima."

Nikamwambia achague moja. "Ni baridi, au ni ya kisima?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. "Si ya kisima ndiyo baridi, madam? Hiyo ya tanki na hili jua ni ya kuoga mtoto."

Nilikuwa nimesimama, nikakaa juu ya mawe ya ujenzi. Fundi aliniuliza kama nataka maji. Neno hilo nalo likanichoma. Nilikuwa nasikia sauti nyingine, ya miaka ile, ikisema kwa furaha ya mtu aliyeelewa vizuri: baridi kabisa, madam. Kabisa ilikuwa na mahali pake. Kwake maji yalikuwa na joto zaidi na joto kidogo, na yeye alikuwa akiniahidi yaliyo chini kabisa ya kisima. Nilikuwa nimemsahihisha hii na haya mwezi mzima, na neno lenyewe la maana sikulisikia.

Nilirudi ofisini nikafungua sanduku la karatasi. Nilizitenga: za mafundi waliozaliwa pwani huku, za waliotoka bara kule. Zile zilizonisumbua zote zilikuwa kule. Nilimpelekea mwalimu wangu anayesimamia utafiti, naye pia ni mtu wa bara. Alizipitia polepole, akaniuliza, "Hili swali uliliandika wewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi rudi kwa wote," na akarudi kwenye kompyuta yake. Kurasa za mchanga nilizichana. Hizo hazikuniuma. Kuna mtu mmoja niliyepaswa kumrudia kabla ya wote, na sikujua hata anakaa wapi.

Nilimpata baada ya kuuliza kwa siku kadhaa. Alikuwa Mwakirunge, kwenye machimbo ya mawe, upande ambao upepo ukigeuka huleta moshi wa jaa la taka. Mtu aliyekuwa akijenga kuta sasa alikuwa akiwachongea mawe wenzake wakajenge. Alikuwa ameinama na tindo mkononi, mweupe wa vumbi hadi kope. Jiwe alilokuwa akichonga lilikuwa na pembe safi, na yaliyopangwa kando yake yalikuwa sawasawa kuliko ya wengine wote pale.

"Habari ya kazi, kaka," nilisema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

Aliinua kichwa, akanitambua. "Mzuri, madam. Umekuja kupima?"

Nilimwambia nimekuja kumuuliza jambo moja, ajibu tu, sitambishia. Siku ile ya slabu alichota maji wapi?

"Kwa kisima," alisema. "Ulisema baridi."

"Na ya tangi?"

"Hiyo ya tanki ilikuwa inachoma. Nilitia mkono nikatoa. Simiti ikikutana na maji moto inashika mbio, inapasuka. Mzee mwenye alinifunza kazi alikuwa anatuambia tutumie maji baridi wakati wa jua. Sasa vile wewe ulisema baridi, tena mara tatu, nikaambia wenzangu, huyu msichana amesoma kweli." Alipangusa uso, vumbi likaacha mchoro. "Tulivuta na kamba kutoka asubuhi hadi saa tisa. Tanki iko hapo karibu, tunaipita. Mikono ilitoka ngozi."

Nilitaka kumwambia anyamaze. Nilikuwa nimemtangaza mtaa mzima kuwa mwizi, naye alikuwa amejichubua mikono ili anitii.

"Hukuyaonja?"

"Maji ya simiti nani anaonja? Na wakati huo nilikuwa mgeni huku, kwetu kisima haina chumvi."

Nikamweleza baridi ni nini kwetu. Nilijikwaa sana, mimi msahihishaji. Alisikiliza hadi mwisho, tindo likiwa limelala gotini. Nikasema nimekosa, naomba msamaha, nilimkosea yeye na watu wake wa nyumbani.  Alichukua nyundo akalipiga jiwe mara mbili, akapuliza vumbi.

"Mama anajua?"

"Bado."

"Uliniongelea kanisani," alisema. "Basi enda uongee hapo hapo." Akaendelea kuchonga, na nikaelewa kwamba mazungumzo yamekwisha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama. Nilimkuta chumba cha mbele, chini ya mabati, akipepea kwa kipande cha katoni. Nilimwamkia, nikakaa chini sakafuni, nikamweleza yote toka mwanzo. Nilitarajia ashike kichwa. Yeye alikuwa akizungusha pete.

"Nlijua hakuyauza," alisema.

"Ulijuaje?"

"Tangi lilikuwa limejaa, mwanangu. Nliporudi kutoka kwa dada yako ile Jumamosi jioni, nlifunua nkalikuta limejaa pomoni. Nkapikia chai wiki mbili."

Nilimuuliza mbona hakusema. Nilimuuliza kwa ukali ambao sikuwa na haki nao.

"Ningesema nini? Nlidhani weye ndiwe uliyemwambia ateke kisimani, kisha ukasahau, ama ukaona haya. Mtoto nliyemsomesha kwa vumbi la chai. Kazi yako ya kwanza, na nyumba ni yangu. Nkasema nitamstiri mwanangu." Aliacha kupepea. "Sikufikiri yule maskini atafukuzwa. Kisha alipofukuzwa, nkaogopa kusema nliyonyamaza."

 Katika chumba cha pili kipande cha zege kilianguka, tukasikia kikigonga mti na kutulia. Nilimkasirikia mama, halafu nikakumbuka jibu langu la mlangoni mwa kanisa. Yeye alinyamaza kwa kunipenda. Mimi nilisema kwa kujipenda.

Jumapili, wakati wa matangazo, niliomba nafasi nikasimama mbele. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Nilieleza kwamba fundi hakuiba, hakuwa mvivu, kwamba mimi nilimwambia maji baridi na yeye, kwa kuwa ametoka bara, akachota yaliyokuwa ya baridi kweli, ya kisimani. Na hapo wakacheka. Kilianza kicheko kimoja viti vya nyuma, kikaenea. Mtu akasema, "Watu wa bara jamani," na wale wa bara waliokuwamo nao wakacheka, kwa sababu ya kuchekwa. Nilipandisha sauti nikasema kosa ni langu. Nilisikika, lakini tayari ilikuwa hadithi tamu, na ndani yake mjinga alikuwa ni yeye. Nilimtoa kwenye wizi nikamwingiza kwenye mzaha.

Mama alisimama. Magoti yake ni mabovu, kwa hiyo alisimama kwa kushika benchi la mbele, na ilichukua muda. Hakuja mbele.

"Tangi lilikuwa limejaa," alisema. "Maji mnayosema aliyauza, nmeyanywa mie. Nlijua, nkanyamaza, mkamnyang'anya kazi nami nmekaa papa hapa."

Akakaa. Hakuna aliyecheka tena. Mchungaji akaendelea na tangazo la kwaya. Ukumbi ambao ungekuwa kazi ya fundi ulikuwa ukionekana dirishani, umekwisha, umepakwa rangi ya samawati, na nilijikuta naangalia kuta zake. Hazikuwa zimenyooka kama za fundi wetu.

Nilirudi Mwakirunge kumpa habari. Alikuwa amekwisha kuzipata, hata sehemu ya kicheko. Alisema sawa. Kisha akaniuliza hali ya slabu, vyuma vimekula kiasi gani, nikamwambia ni ya kubomolewa. Tulizungumza kuhusu miti ya kushikilia, ianze kutolewa wapi, kama mafundi wawili. Aliniuliza tumempata nani.

"Bado hatujampata," nilisema. Moyo wangu ulikuwa umeshaanza kujenga. Nilitaka aseme atakuja, na nilitaka hivyo kwa ajili yangu.

"Kubomoa nitakuja mimi," alisema. "Mimi ndiye najua vyuma vimelala wapi, mtu mwingine ataangusha ukuta. Lakini kumwaga ingine, tafuteni fundi."

Nikamwambia mama atafurahi akimwaga yeye. Alitikisa kichwa. Alisema hana hasira na mama, wala na mimi, ila kwa nyumba ile mkono wake haungetulia.

Alikuja Jumatatu na wenzake wawili. Hawakupoteza muda. Alikata slabu vipande vipande akianzia dirishani, na kila kipande alijua kitaning'inia wapi kabla hakijakatika. Vyuma vilitoka vyembamba, vimemenyeka, vingine vikivunjika mkononi. Alikiinua kimoja akakitazama kwenye mwanga, akakilaza na vingine. Niliokota vifusi pamoja nao. Jua lilikuwa limeingia chumba cha mama, mahali ambapo halikuwa limeingia kwa miaka.

Saa nne mama alileta chai. Aliibeba mwenyewe, na magoti yale. Alimpa fundi kwanza, kikombe kizuri cha wageni, na akasema kama anavyomwambia mgeni yeyote, kwa mazoea ya maisha yake yote, "Karibu chai, baba. Ni ya maji baridi."

Nilimwona mama akisikia alichosema. Mkono wake ulibaki hewani. Fundi alikishika kikombe kwa vidole viwili, mvuke ukimpanda usoni, akakipuliza kwa sababu kilikuwa kinachoma. Akanywa kidogo.

"Asante, mama," alisema. "Haya maji hayana chumvi."

Aliyasema polepole, neno kwa neno, ngeli zote mahali pake, kama nilivyomfundisha. Kisha akaweka kikombe juu ya ukuta, akachukua nyundo.